Tusiuite mzio ugonjwa wa seli zisizoweza kukarabati DNA yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe neno moja. Katika ukurasa wa afya wa toleo lililopita palikuwa na makala kuhusu watoto wasiostahimili jua, na mwandishi, ambaye katika mambo mengine aliandika kwa uangalifu na kwa huruma, aliuita ugonjwa wao "mzio wa jua". Kabla ya kustaafu nilifanya kazi maabara kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kuchunguza seli za ngozi za watoto kama hao. Najua kwamba neno hilo hutumiwa na wengi, hata na baadhi ya wahudumu wa afya, kwa kuwa ni jepesi kueleweka. Lakini linapotosha, na madhara ya upotoshaji huo humwangukia mtoto: ngozi yake, macho yake na mara nyingine uhai wake.

Mzio ni kosa la kinga ya mwili. Mwili hukutana na kitu kisichodhuru watu wengine, kama chavua au vumbi, ukakichukulia kuwa ni adui na kukishambulia, na mashambulizi hayo ndiyo yanayoleta muwasho, uvimbe na mafua. Kitu hicho kikiondolewa, au dawa ya kutuliza ikitolewa, hali hurejea, na mara nyingi hapabaki hata alama. Ugonjwa ninaouzungumzia, ambao madaktari huuita zeroderma pigmentosumu, hauko hivyo hata kidogo. Kinga ya mtoto haijakosea kitu. Jua linamdhuru kweli, kama linavyotudhuru sisi sote kila tunapotoka nje. Ila sisi hudhurika na kukarabatika bila kujua, naye hudhurika akabaki hivyo.

Naomba msomaji anivumilie nieleze kinachotokea ndani ya seli, kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Katika kiini cha kila seli ya mwili kuna DNA, yaani maandishi ya urithi, ambayo ingenyooshwa ingefikia urefu wa takriban mita 2. Ni nyuzi mbili zilizosokotana, na maandishi yake yana herufi nne tu, yaani zile kemikali ziitwazo besi. Mionzi ya urujuanimno iliyomo katika mwanga wa jua ikiangukia mahali ambapo besi mbili za aina ya thimini zimekaa jirani katika uzi mmoja, hizo mbili hushikana na kuwa kama fundo. Seli inapotaka kugawanyika, protini zinazonakili DNA hufika kwenye fundo hilo zikakwama, au zikapita kwa kubahatisha herufi. Herufi iliyobahatishwa vibaya ndani ya jeni inayoiambia seli lini igawanyike na lini itulie ni hatua moja kuelekea saratani, na hatua hizo hujikusanya mwaka baada ya mwaka.

Seli yenye afya haisubiri kufika huko. Ina kundi zima la protini ambazo kazi yake ni kulitafuta fundo na kuliondoa. Protini iitwayo XPC huwa ya kwanza kuhisi kwamba nyuzi zimepinda. Nyingine mbili, XPB na XPD, huzifungua nyuzi mahali hapo. XPA husaidia kuhakikisha kwamba kweli pana dosari. Kisha XPF na XPG hukata, moja upande huu wa fundo na nyingine upande wa pili. Kipande chenye urefu wa herufi 30 hivi hutolewa kizima, pengo hujazwa kwa kufuata maandishi ya uzi wa pili ambao haukuguswa, na mwishowe ncha huunganishwa. Anayejua kushona ataielewa kazi hii mara moja: kitambaa kilichoungua hakishonewi kiraka juu ya mahali palipoungua, bali hukatwa kwanza mpaka kwenye nyuzi nzima, ndipo kiraka kiwekwe. Herufi X na P katika majina ya protini hizo zimetokana na jina la ugonjwa wenyewe, kwa maana wagonjwa ndio waliotufundisha kwamba protini hizo zipo. Mtoto mwenye ugonjwa huu amezaliwa akiwa na kasoro katika mojawapo, na kasoro moja inatosha kuvuruga mlolongo wote.

Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza na Moriz Kaposi, daktari wa ngozi wa Vienna, katika miaka ya 1870. Aliona ngozi kavu, nyembamba, yenye madoa na makovu, na uvimbe wa saratani kwa watu wenye umri mdogo mno kupata saratani ya ngozi. Aliona sawasawa, ila hakuwa na njia ya kujua sababu. Ilipita karibu karne nzima. Mwaka 1964 watafiti waligundua kwamba bakteria huweza kukata na kutoa mafundo ya thimini katika DNA yao, na miaka minne baadaye, mwaka 1968, James Cleaver wa Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco akaonyesha kwamba seli za wagonjwa wa zeroderma pigmentosumu zimepungukiwa na uwezo huo huo. Kwa mara ya kwanza ugonjwa wa binadamu ulielezwa kuwa ni upungufu wa ukarabati wa DNA. Nalitaja hili pia kwa sababu Cleaver amesimulia kwamba habari za ugonjwa huo alizisoma kwanza gazetini. Mwandishi mmoja wa habari za sayansi aliueleza kwa usahihi, na mtafiti aliyekuwa akihangaikia ukarabati wa DNA katika seli akasoma, akatambua kwamba pengine wagonjwa hao ndio aliokuwa akiwahitaji, akaenda kwa daktari wa ngozi kuomba seli zao. Sitaki kumfundisha mtu kazi yake, Ndugu Mhariri, lakini neno sahihi gazetini lilikwisha kutoa matunda katika jambo hili hili.

Nieleze jinsi sisi wa maabara tulivyoliona tatizo kwa macho. Daktari hukata kipande kidogo cha ngozi, chenye upana wa milimita 3 au 4, kutoka sehemu isiyopigwa na jua. Kipande hicho hukatwakatwa na kuwekwa katika chupa yenye maji ya virutubisho, na baada ya wiki chache seli huwa zimetambaa kutoka kingoni mwake na kutanda chini ya chupa, ndefu na nyembamba kama samaki wadogo waliolala upande mmoja. Tulizimulika seli hizo kwa taa ya urujuanimno kwa sekunde chache tu, kisha tukazipa thimidini iliyotiwa alama ya mionzi hafifu, ambayo seli huitumia inapojaza pengo la DNA. Slaidi, yaani kioo chembamba chenye seli hizo, ilichovywa katika gizagiza ndani ya utomvu kama ule wa filamu za picha, ikafungiwa sandukuni kwa siku kadhaa, ikasafishwa kama picha inavyosafishwa, halafu ikapakwa rangi. Chini ya hadubini, kila mahali palipokarabatiwa palionekana nukta nyeusi. Kiini cha seli ya mtu asiye na ugonjwa kilijaa nukta kama uso wa ungo uliomwagiwa ufuta. Kiini cha seli ya mtoto mwenye aina kali ya ugonjwa kilikuwa cheupe, na nukta mbili tatu zilizopotea njia. Nilihesabu nukta hizo kiini kimoja baada ya kingine, mamia ya viini, huku nikitumaini mara zote kwamba huenda hivi ninavyovikuta vyeupe ni vichache tu na vilivyobaki vimejaa. Havikuwa vichache.

Kwa kawaida hatukuwaona wagonjwa wenyewe. Kwetu walikuwa namba kwenye chupa. Lakini siku moja mama mmoja aliyeelekezwa vibaya na watu wa mapokezi aliingia mpaka mlangoni kwetu na binti yake wa miaka minne, aliyejifunika mtandio mpaka usawa wa macho. Mama huyo alikuwa ameambiwa kwa miaka mitatu kwamba mtoto ana mzio. Alikuwa amepewa dawa za kupaka za kila namna, amekatazwa kumpa vyakula hivi na hivi, amebadilisha sabuni mara nyingi kiasi cha kusahau idadi. Uso wa mtoto ulikuwa na madoa meusi na meupe yaliyochanganyika, midomo imepasuka, na macho mekundu aliyoyafumba kila alipoelekea dirishani. Mama alipandisha mkono wa gauni la mtoto juu ya kiwiko, akanionyesha. Palikuwa na mstari uliochorwa kama kwa rula: chini ya mstari ngozi ya mzee, juu yake ngozi laini ya mtoto wa miaka minne. "Dada yangu," aliniambia, "huu mzio mbona unajua mkono wa gauni ulipoishia?" Mama huyo, ambaye hakuwa amesomea udaktari, alikuwa ameona kwa jicho lake jambo ambalo neno "mzio" liliwazuia wengine kuliona kwa miaka mitatu. Majibu ya seli za mtoto yalipotoka, viini vyake vilikuwa vyeupe.

Miaka hiyo mitatu haikuwa ya kusubiri tu. Ndiyo hoja yangu hasa. Ukiita mzio, unampa mzazi ruhusa ya kuendelea kumtoa mtoto nje maadamu amepaka dawa ya kutuliza muwasho, na unampa imani kwamba siku moja mtoto atakua na hali itapita. Hali haipiti. Mafundo ambayo hayakutolewa leo yanaandikwa katika seli zitakazozaa seli za kesho, na hakuna dawa ya kuyafuta baada ya hapo. Utafiti uliowafuatilia wagonjwa kwa miaka mingi nchini Marekani ulionyesha kwamba wagonjwa wa zeroderma pigmentosumu walio chini ya miaka 20 wana hatari ya kupata saratani ya ngozi isiyo melanoma (melanoma ni saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi) ambayo ni takriban mara 10,000 ya wenzao wa umri huo, na kwamba umri wa kati wa kupata saratani hiyo ya kwanza ulikuwa miaka 9, wakati katika watu wengine wa nchi hiyo ni miaka 67. Tofauti ya miaka 58 yote inatokana na mikasi midogo isiyokata. Kwa wagonjwa wapatao robo, mishipa ya fahamu nayo huharibika polepole: masikio huanza kutosikia vizuri, hatua huyumba, na masomo yaliyokuwa mepesi huwa mazito.

Habari njema, nami naisema kwa kusisitiza, ni kwamba mtoto aliyetambuliwa mapema na kukingwa kikamilifu hupata saratani chache zaidi na kuishi miaka mingi zaidi kuliko aliyechelewa. Kinga hiyo ni ngumu kwa familia lakini haina fumbo: nguo nzito zinazofunika mwili wote, kofia yenye pazia la kuzuia urujuanimno, miwani inayofunika pembeni, mafuta ya kukinga jua yanayopakwa upya kila baada ya saa chache, utando maalumu kwenye vioo vya madirisha ya nyumba, ya gari na ya darasa, kwa sababu kioo cha kawaida huzuia sehemu moja ya urujuanimno na kuiruhusu nyingine kupita. Mawingu nayo hayazuii mionzi yote. Mtoto huyo atahitaji kupewa vitamini D, kwa kuwa ngozi isiyoona jua haitengenezi ya kutosha, na ngozi na macho yake vichunguzwe na daktari bingwa kila baada ya miezi michache ili uvimbe wowote uondolewe ungali mdogo. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo mzazi wa mtoto "mwenye mzio" ataambiwa.

Kuna dhana nyingine mbili ambazo ningependa ziondoke pamoja na neno hilo. Ya kwanza ni kwamba mtoto asiyeungua na jua hana ugonjwa. Karibu nusu ya wagonjwa hawaungui kupita kawaida. Hawa hutambuliwa kwa madoa yanayotokea usoni na sehemu nyingine zinazopigwa na jua kabla hawajatimiza miaka miwili, jambo ambalo si la kawaida kwa mtoto yeyote. Ya pili ni kwamba ugonjwa huu ni wa watu weupe, au kwamba ni namna ya ualbino. Mtu mwenye ualbino amepungukiwa na melanini, yaani mwavuli wa ngozi, lakini seli zake hukarabati DNA kama kawaida. Mwenye zeroderma pigmentosumu anaweza kuwa na mwavuli mzima, mweusi tititi, na bado akadhurika kwa sababu madhara ya kinachopenya mwavuli hayakarabatiwi. Mwaka 2011 watafiti walieleza kwamba kiwango cha juu kabisa cha ugonjwa huu kilichokuwa kimeripotiwa duniani kilikuwa miongoni mwa watu weusi wa kisiwa cha Mayotte, kwa sababu ya badiliko moja katika jeni ya XPC lililorithiwa katika jamii hiyo.

Kuhusu kurithi, nimeona ndoa zikitikisika bure. Mtoto huugua pale tu anaporithi nakala mbovu ya jeni ile ile kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, na wazazi wenyewe, wakiwa na nakala moja nzima kila mmoja, huwa wazima kabisa na hawana namna ya kujua. Katika kila mimba ya wazazi hao, uwezekano wa mtoto kuugua ni mmoja kati ya minne. Hakuna upande wa ukoo wa kulaumiwa. Ushahidi wake niliwahi kuuona ukiwa wazi kuliko maneno: mwaka 1972 watafiti wa Rotterdam waliunganisha seli za wagonjwa wawili tofauti zikawa seli moja yenye viini viwili, na kwa baadhi ya jozi viini vyote viwili vikaanza kukarabati DNA kama vya mtu asiye na ugonjwa, kwa sababu kila mgonjwa alimpa mwenzake protini ambayo mwenzake alikosa. Tulilirudia jaribio hilo mara nyingi ili kujua mgonjwa yuko kundi gani, yaani amekosa protini ipi. Viini viwili vilivyokuwa vitupu, sasa vimekaa ndani ya seli moja na vyote vimejaa nukta: sijapata kuchoka kuvitazama. Kwa njia hiyo yalipatikana makundi saba, A mpaka G, na kuna aina ya nane ambayo hukata mafundo vizuri na kupita katika kipimo chetu cha nukta kama mtu asiye na ugonjwa, kumbe dosari yake iko katika protini inayosaidia kunakili DNA pale ambapo fundo halijatolewa. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 1999. Ndiyo maana daktari mwenye shaka asiridhike na kipimo kimoja kilichotoka kizuri. Siku hizi kusoma jeni zenyewe hutoa jibu la uhakika zaidi.

Zeroderma pigmentosumu ni mmoja tu katika familia ya magonjwa ya aina hii, na kwa hayo mengine kosa la jina lina hatari ya namna nyingine. Katika sindromu ya Cockayne, seli hushindwa kuondoa dosari zinazozuia kusomwa kwa jeni zinazotumika; mtoto hakui inavyotarajiwa, huungua na jua, lakini hapati saratani za ngozi kwa wingi. Katika sindromu ya Bloom, kromosomu, yaani mafungu ya DNA ndani ya kiini, hubadilishana vipande kupita kiasi. Mawili yanayonitia hofu zaidi ni ataksia telanjiektasia na anemia ya Fanconi, kwa sababu katika hayo mtoto anaweza kudhuriwa na tiba yenyewe.

Mtoto mwenye ataksia telanjiektasia huanza kuyumba anapojifunza kutembea, baadaye vimishipa vyekundu huonekana katika weupe wa macho, kinga ya mwili hudhoofu, na hatari ya saratani za damu na tezi hupanda. Seli zake hazina protini ya ATM, ambayo hupiga mbiu pale nyuzi zote mbili za DNA zinapokatika mara moja. Mionzi ya eksirei hukata nyuzi namna hiyo. Katika miaka ya 1960 madaktari walioona saratani kwa watoto hao waliwapa tiba ya mionzi kwa kipimo kinachotolewa kwa kila mtu, na watoto wakapata madhara makali yasiyotarajiwa. Mwaka 1975 ilionyeshwa katika seli zao kwamba hudhuriwa na mionzi hiyo kupita kawaida, na mwaka 1995 kundi lililoongozwa na Yosef Shiloh wa Tel Aviv likaitambua jeni. Mgonjwa wa zeroderma pigmentosumu, kwa upande mwingine, mara nyingi huweza kupewa tiba ya mionzi, kwa kuwa madhara ya eksirei katika DNA hukarabatiwa na protini nyingine alizonazo. Magonjwa mawili ya "DNA isiyokarabatiwa", na jibu la swali "apewe mionzi au asipewe" ni kinyume kabisa.

Anemia ya Fanconi ilielezwa mwaka 1927 na Guido Fanconi, daktari wa watoto wa Uswisi, aliyewaona ndugu watatu wa familia moja wakiishiwa damu. Seli za watoto hao haziwezi kutenganisha nyuzi mbili za DNA zilizogandamana. Katika maabara tulizipa seli za damu dawa inayogandisha nyuzi, na kromosomu zake zikavunjika na kuungana ovyo mpaka zikawa na maumbo kama nyota zenye mikono minne. Sasa tazama: uboho wao ukishindwa kutengeneza damu, tiba ni kupandikiza uboho mwingine, na maandalizi ya upandikizaji hutumia dawa zinazogandisha nyuzi vivyo hivyo. Madaktari walijifunza kupunguza sana kipimo cha dawa hizo kwa watoto hawa, na ni mtoto wa kiume mwenye ugonjwa huu ambaye mwaka 1988, mjini Paris, alikuwa mtu wa kwanza duniani kupandikizwa damu ya kitovu, iliyotoka kwa mdogo wake wa kike aliyezaliwa mzima. Alipona upungufu wake wa damu. Lakini hilo liliwezekana kwa sababu ugonjwa ulijulikana kwa jina lake kabla ya dawa kuandikwa. Mtoto aliyeandikwa tu kuwa "ana upungufu wa damu", akapewa kipimo kamili cha dawa, seli zake hazina namna ya kujitetea.

Sikusudii kumtia hofu mzazi yeyote. Magonjwa haya ni nadra, na watoto wengi wenye vipele baada ya jua hawana hata mmojawapo. Ninachoomba ni kidogo. Kwanza, gazeti lichapishe sahihisho kwamba zeroderma pigmentosumu si mzio, bali ni ugonjwa wa kurithi ambao seli zake hushindwa kukarabati DNA iliyodhuriwa na jua. Pili, katika sahihisho hilo zitajwe dalili ambazo mzazi azipeleke kwa daktari bila kungoja: mtoto mchanga anayepata malengelenge au wekundu unaokaa siku nyingi baada ya dakika chache tu za jua, madoa usoni kabla ya miaka miwili, macho yasiyovumilia mwanga, na ngozi iliyo laini pale tu nguo ilipofunika. Mzazi wa mtoto wa namna hiyo amfunike kwanza, tangu siku hiyo, hata kabla ya majibu, maana kumfunika mtoto asiye na ugonjwa kwa wiki chache hakumdhuru, na kumwacha wazi mwenye nao hakufutiki.

Mwandishi wa makala ile anaweza kunipata kupitia ofisi yako. Ninazo picha za slaidi mbili nilizopiga zamani kwa ajili ya kufundishia, hazina jina wala namba ya mtu, moja ya viini vilivyojaa nukta na nyingine ya viini vitupu. Akipenda kuzichapisha zikiwa zimekaa ubavu kwa ubavu, nitazileta mwenyewe.

Wako katika kazi,

Fundi sanifu mstaafu wa maabara